Hivi neno "upelelezi unaendelea" sisi waandishi tunalitumia kumlinda nani?

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Wadau habari za mchana, walio Mtwara poleni na jua hili, walio Lindi najua na nyie mnalo. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye bando la kubana arudi usiku.

Mi ni mwandishi wa kujitegemea, wale mnaotuona na boda na kamera begani, tunalipwa habari moja moja, ikitoka umekula isipotoka umetoa sadaka ya mafuta. Nina miaka zaidi ya kumi kwenye kazi hii na kuna siku moja haijanitoka kichwani, naileta hapa tuijadili kwa sababu kwenye magrupu yetu ya waandishi nikiileta wananiambia unaharibu soko.

Ilikuwa mkoa mmojawapo wa huku kusini, sitautaja, na kamanda wa wakati ule kashahama zamani. Asubuhi saa tatu simu inaita, njooni kuna presi. Unafika unakuta vielelezo vishapangwa uwanjani, meza imefunikwa kitambaa cha bluu, madumu manne ya nipa (gongo ya mabibo), misokoto ya bangi juu ya gazeti, TV bapa mbili, pikipiki imekatwa namba. Pembeni vijana sita wamekalishwa mchangani, ndala wamevuliwa zimepangwa mstari mbele yao kama nje ya msikiti. Mmoja kavaa jezi ya Yanga imechanika begani. Kamanda anasoma majina matatu matatu, umri, mtaa, kisha ile sentensi ambayo kila mwandishi anaijua kabla haijasomwa, "katika mahojiano watuhumiwa wamekiri kuhusika na matukio mbalimbali". Mwenzetu mmoja wa kamera akamwambia yule wa jezi, dogo inua uso. Akainua. Tukapiga.

Mi nikaandika "Majambazi sita wanaswa". Edita hakuniongezea kitu, neno majambazi ni langu mwenyewe na vidole vyangu.

Sasa sikilizeni hapa. Mwisho wa presi nikauliza, afande lile lori la korosho lililokamatwa wiki iliyopita usiku, mwenyewe nani na limefikia wapi? Kamanda akacheka, akasema lile waandishi tuachieni kwanza, upelelezi unaendelea, mkiandika mtatuharibia kazi. Na sisi wote kwa pamoja, sawa afande. Hamna aliyeandika hata mstari mmoja. Na mwenye lori tulikuwa tunamjua wote, hata mama anayeuza maji getini anamjua.

Kwa iyo siku ile ile, uwanja ule ule, upelelezi wa watoto wa nipa tuliutangaza mpaka sura, na upelelezi wa tajiri wa kangomba, yani ulanguzi wa korosho, tukaufanya siri ya taifa. Ndo swali langu hilo. Hii siri ya upelelezi tunayoisema tunaiheshimu, kweli tunaiheshimu, au tunaangalia nani kakaa mchangani na nani kakaa kwenye kiti?

Nimewauliza wenzangu kwa muda sasa, kahawani, kwenye semina, kwenye gari la msafara. Majibu yanatofautiana sana. Kuna mmoja mzee wa redio anasema kazi ya kutunza siri ni ya polisi, yeye kazi yake ni kutafuta, wakishindwa kuificha si kosa lake. Mwingine dada mmoja mzuri sana kazini anasema yeye anaweza kukaa na habari hata mwezi kama mpelelezi akimweleza kwa nini, lakini akiambiwa tu "usiandike" bila sababu anaandika. Wengi lakini wanasema ukweli wa mfukoni: nikimuudhi RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) sitapigiwa simu ya presi tena, na mimi habari zangu nne kati ya tano zinatoka pale. Yani siri hatuilindi kwa ajili ya upelelezi, tunalinda namba ya simu.

Na wapo wanaoogopa tu, na siwacheki. Barabara yetu ya kwenda Dar inapita Kibiti. Kuanzia 2015 watu walikuwa wanauawa kule, viongozi wa vijiji na vitongoji, Aprili 2017 askari nane wakauawa siku moja, na mwandishi mwenzetu Azory Gwanda aliyekuwa anaandika yale mauaji akapotea Novemba 2017 mpaka leo. Ukishajua hilo, mtu akikwambia upelelezi unaendelea unasikia na sauti nyingine chini yake.

Karibuni.

---

Salfa ya Unga

Sijaona jina la tajiri. Uzi hauna chumvi 😂

---

Mwana Mikindani

Mkuu chumvi hiyo itanipeleka mahakamani peke yangu na ndala mkononi.

---

Kachero Mstaafu

Kijana umeandika vizuri ila umeangalia upande mmoja. Mimi nimekaa upelelezi miaka mingi, nimestaafu nalima korosho zangu Newala, sina cha kupoteza.

Kwanza ujue siri ya upelelezi siyo hadithi ya kutishia waandishi. Tuliwahi kuwa na mauaji, marehemu kaibiwa simu. Simu ile ilikuwa inawaka usiku dakika chache inazimwa, tukawa tunaisogelea mdogo mdogo, leo mnara huu kesho mnara ule. Siku ya tatu redio moja ikatangaza asubuhi "polisi wanaifuatilia simu ya marehemu". Haikuwaka tena. Mpaka nastaafu haijawaka. Aliyetangaza hakukosea neno hata moja, kila kitu kilikuwa kweli, na mwuaji akasikiliza taarifa ya habari kama watu wengine.

Pili kuna vitu anavijua mwuaji na mpelelezi tu. Kamba ilifungwaje, mwili ulilazwaje, kulikuwa na nini mfukoni. Hivyo ndivyo vya kumpimia mtu anayekuja kukiri, maana wapo wanaokiri wasichofanya, kwa kipigo, kwa ulevi, wengine kwa kuchoka tu. Ukishaviandika gazetini vyote, kila mtu anaweza kukiri na huna tena pa kumpimia.

Lakini sasa nikubali kosa letu, na hili nilikuwa nagombana nalo nikiwa ndani. Ile presi ya kuwakalisha mchangani inaua kesi kuliko mwandishi yeyote. Kuna gwaride la utambulisho, taratibu zake zipo PGO 232, yani kanuni za kazi za jeshi la polisi, mtuhumiwa anachanganywa na watu wengine wanaofanana naye halafu shahidi anaitwa amtoe. Shahidi kama kashamuona kwenye simu na jezi ya Yanga, pale hatambui mwizi, anatambua picha. Wakili wa utetezi anauliza swali moja tu, "uliwahi kumuona kabla?", kesi imekwisha. Sisi wenyewe tunaita kamera saa tatu, saa nane tunataka kufanya gwaride. Ukiuliza kwa nini unaambiwa mkoa unataka matokeo yaonekane.

Kwa iyo usiwalaumu waandishi peke yao, na usitusifu sisi kwa siri. Siri tuliivunja sisi kwanza.

---

Njomba wa Ng'apa

Mzee Kachero heshima yako, umenena. Ila hiyo hoja ya simu ya marehemu isitumike kufunika kila kitu.

Tuchukue la kwetu hapa hapa. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea alikuja Mtwara kufuatilia hela zake zilizokuwa polisi, akapotea. Ndugu zake wakatafuta, wakauliza, wakapiga kelele. Mwisho wa mwezi ule ndo tunasikia askari polisi saba wanashikiliwa kwa mauaji yake. Sasa niambieni, katika siku zile za katikati, mwandishi angepiga simu kuuliza angejibiwa nini? Mnajua wote. Na aliyekuwa anajibu "upelelezi unaendelea" kitengo chake ndo kilekile wanakotoka waliotuhumiwa.

Februari 2022 Rais Samia mwenyewe akasema haiwezekani polisi wajichunguze wenyewe, akaagiza Waziri Mkuu aunde timu. Kesi ikaenda Mahakama Kuu Mtwara, Juni 2025 wawili wakahukumiwa kifo, wengine wakaachiwa. Kumbukeni hapo vitu viwili. Siri ingebaki kwa wenye siri tusingejua kitu. Na pia, kati ya wale saba tuliowaita wauaji vibarazani tangu siku ya kwanza, wengi mahakama haikuwatia hatiani. Mi mwenyewe niliwaita hivyo, kwenye banda la kahawa, kwa sauti kubwa.

---

Salfa ya Unga

Njomba hapo mwisho umejipiga mwenyewe na nyundo

---

Njomba wa Ng'apa

Ndo ilivyo, nifanyeje.

---

Wakili wa Kusini

Nimesoma nikiwa foleni ya kumsubiri karani. Wacha nipunguze ukungu kidogo upande wa sheria maana naona watu wanaichukulia "siri ya upelelezi" kama kuna kifungu kimoja kimeandikwa mwandishi kaa kimya. Hakipo hivyo. Kuna vipande vipande.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 kifungu cha 6 kinamruhusu mwenye taarifa, yani ofisi, kukunyima kama ikitolewa itaharibu uchunguzi halali. Angalieni, inamzungumzia anayeshika faili. Sheria ya rushwa ya 2007 ndo kali zaidi, inakataza kumtangaza mtu anayechunguzwa kabla hajakamatwa bila ruhusa, na hapo mwandishi anaingia moja kwa moja. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 114 ni kudharau mahakama, inakubana shauri likishakuwa mahakamani ukiandika vitu vya kuegemeza kesi upande mmoja. Kesi za ubakaji na za watoto zina ulinzi wake. Na juu ya zote kuna Katiba, ibara ya 13(6)(b), mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Hiyo mimi ningeibandika kwenye ile meza ya kitambaa cha bluu.

Na hilo neno "wamekiri" mnaloliandika kila wiki. Maelezo ya mtuhumiwa aliyoyatoa polisi utetezi wakiyapinga kwamba hayakutolewa kwa hiari, mahakama inasimamisha kesi kubwa, inasikiliza kesi ndogo ndani ya kesi, inaamua yapokelewe au yatupwe. Nimeshaona yakitupwa. Lakini mtaani yalishapokelewa siku ile ile saa saba mchana, na taarifa ya habari.

Wenzetu nje nako hawajamaliza. Ufaransa kifungu cha 11 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinafunga midomo ya wanaoshiriki upelelezi, polisi na mahakimu, mwandishi hakimfungi. Ila mwandishi akikutwa na nyaraka ya faili wanaweza kumshtaki kwa kupokea kitu kilichotoka kwa njia ya kosa, kama aliyenunua mali ya wizi. Uingereza wameenda upande wa heshima ya mtu. Mwaka 2014 polisi walipekua nyumba ya mwanamuziki Cliff Richard, BBC wakarusha na helikopta juu ya paa, yeye hakukamatwa wala kushtakiwa, 2018 mahakama ikaamuru alipwe pauni 210,000. Februari 2022 Mahakama yao ya Juu kwenye kesi ya shirika la habari la Bloomberg ikaweka msimamo, mtu anayechunguzwa na hajashtakiwa kwa kawaida anatarajia faragha yake ilindwe. Waandishi wa kule walilalamika sana, wanasema huo ni mwavuli wa matajiri. Na wana hoja, maana yule aliyeshinda alikuwa mkubwa wa kampuni, siyo dogo wa jezi.

Karani kaja, naendelea baadaye.

---

Mama Uraka

Nyie wanaume mnabishana vifungu, ngojeni niseme la kwangu kwa kifupi.

Kijijini kwetu kuna mtoto alifanyiwa ubaya, sitasema zaidi. Akaja mwandishi, mpole, kijana mwenye adabu, akasema mama usiwe na wasiwasi sisi jina la mtoto hatuandiki. Na kweli hakuandika. Aliandika mtoto wa darasa la nne, mama yake anauza uji jirani na mashine ya kusaga, baba yake yuko Msumbiji. Kijiji kizima kina mashine ya kusaga moja.

Yule mtoto alihamishwa shule. Mwandishi bado tunamsikia redioni.

---

Mwana Mikindani

Mama Uraka shikamoo. Hiyo nimeisoma mara tatu. Tunafundishwa "usitaje jina" tukadhani tumemaliza, kumbe kule kwetu jina ndo kitu cha mwisho watu wanachokihitaji kumjua mtu.

---

Mama Uraka

Marahaba baba.

---

Mchele wa Rufiji

Mi naona mnawaonea waandishi. Mkoa mzima waandishi wako wangapi wenye mkataba? Mtu analipwa buku kumi na tano kwa habari, ukikaa wiki mbili unachunguza lori la korosho unakula nini? Presi ya RPC ni habari ya bure, picha ya bure, majina yameshaandikwa kwenye karatasi, unabadilisha "Jeshi la Polisi linawashikilia" unaweka "Polisi wawatia mbaroni" umemaliza, unarudi kulala. Msizungumze maadili na mtu mwenye njaa.

---

Mwana Mikindani

Mkuu hapo umegusa. Lakini angalia, njaa ile ile haikutufanya tuandike kuhusu lori, na lori ndo lingeuza. Njaa ilitufanya tuandike kile tulichopewa. Ndo mana nasema ni tabia tumejijengea, siyo sheria wala siyo umaskini tu. Kamanda akifungua mlango tunaingia wote na viatu, akifunga tunasema tunaheshimu upelelezi.

Kachero kanisaidia kujua kitu nilikuwa sijakiweka sawa. Siri yenyewe ni ya vitu, namna, simu, kamba, mashahidi, na hiyo mtu akinieleza naielewa na nitakaa nayo. Lakini kwamba lori limekamatwa, kwamba mtu yuko mahabusu siku ya ngapi, kwamba hajapelekwa mahakamani wakati kosa lake la kupelekwa ndani ya saa 24, hiyo haiharibu upelelezi wowote, inamharibia mtu fulani usingizi. Sisi tunafanya kinyumenyume, tunaandika kamba tunaacha siku.

---

Kachero Mstaafu

Hapo kwenye siku umenigusa na mimi, sisemi zaidi. Lakini sahihi.

---

Salfa ya Unga

Sasa yule dogo wa jezi iliishaje? Mleta uzi umetuacha njiani kama basi la Liwale masika

---

Mwana Mikindani

Nilikuwa nakwepa, ila sawa.

Alikaa mahabusu miezi saba. Kila akipelekwa mahakamani upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine, upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine. Mi sikwenda hata mara moja, kutajwa kwa kesi siyo habari. Halafu siku moja DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) akasema hana nia ya kuendelea na shauri dhidi yake, wakamwachia, wenzake wawili wakaendelea. Hiyo nayo sikuiandika, sikujua. Nilikuja kujua mwaka juzi, nipo sokoni nanunua ming'oko, mama mmoja muuzaji akaniangalia sana akasema wewe si ndo yule wa picha? Nikadhani anasifia. Akasema mwanangu yule wa jezi ya manjano na kijani, alikuwa kaenda pale kwa rafiki yake kuangalia mpira, TV mojawapo pale mezani ndo waliyokuwa wanaangalia.

Hakunigombeza. Alinifungia ming'oko yangu, akaongeza mitatu juu. Akasema dogo yuko Mbagala sa hivi anabeba mizigo, huku harudi kwa sababu wenzie wanamwita Jambazi, hata mdogo wake shule wanamwita mdogo wake Jambazi. Akasema ombi lake moja tu, ile picha bado ipo mtandaoni, ukiandika jina lake inakuja ya kwanza, naomba muifute.

Nikamwahidi. Ile kurasa si yangu, ni ya chombo nilichokuwa naandikia, nikampigia edita. Edita kasema habari ilikuwa ya kweli kwa wakati ule, polisi ndo waliosema, sisi tulinukuu, tukianza kufuta tutafuta mangapi. Nikampigia tena mwaka jana, kasema basi niletee nakala ya mahakama inayoonyesha kaachiwa ataangalia.

---

Wakili wa Kusini

Nimerudi. Mkuu edita hapo hajakosea kuomba nakala, ila hata bila kufuta angeweza kuandika mstari mmoja chini ya ile habari, kwamba shauri dhidi ya huyu liliondolewa tarehe fulani. Hilo halihitaji hata ruhusa ya mtu. Namba ya kesi unayo?

---

Mwana Mikindani

Namba sina wakili, mama anayo kwenye karatasi ya dhamana waliyoikataa, kaikunja kwenye msahafu. Nimeipiga picha. Juzi nimekwenda mahakamani, karani kaniambia faili liko stoo, nirudi Alhamisi.

---

Mama Uraka

Alhamisi nenda mapema, karani huyo saa sita anafunga.

---

Mwana Mikindani

Sawa mama. Nikipata nakala nitaleta mrejesho hapa hapa. Asubuhi nimeifungua ile habari tena, bado ipo, na chini kuna mtu kaandika "wachomwe moto hao". Ina like arobaini, moja ni ya kwangu, sijui niliweka lini.